Kalamu ileile, nibu nyingine: niliyojifunza kwa kalamu ya wino

Nilihamia kalamu ya wino kwa sababu ya maumivu. Kazi yangu ni ya kuandika sana kwa mkono: mihtasari ya vikao, rasimu, maelezo ya kando ya vitabu. Bolpeni haitoi wino mpaka uikandamize, na nikishaandika saa mbili tatu mfululizo, kidole gumba kilikuwa kinauma mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nikaambiwa kalamu ya wino haitaki nguvu, ukiigusisha tu kwenye karatasi wino unashuka wenyewe. Ni kweli kabisa, na maumivu yale yamekwisha. Lakini kati ya siku niliyoinunua na siku nilipoanza kuifurahia kilipita kipindi kirefu cha kukereka, na karibu kero zote zilitoka kwenye kitu kimoja kidogo ambacho wakati wa kununua sikukiuliza hata swali moja. Kitu hicho ni nibu.

Nibu ndicho kile kipande cha chuma kinachogusa karatasi. Vingine vyote kwenye kalamu vipo kwa ajili ya kuifikishia nibu wino na kuupa mkono mahali pa kushika. Anayenunua kalamu kwa kutazama rangi na klipu, kama wengi tunavyofanya mara ya kwanza, anachagua kila kitu isipokuwa kile atakachoandika nacho.

Kalamu yangu ya kwanza ilikuwa LAMY Safari, kalamu ya Kijerumani iliyoingia sokoni mwaka 1980. Ni ya plastiki ngumu, nyepesi, na shingo yake imechongwa bapa pande mbili ili vidole vikae mahali pake. Niliichagua kwa sababu ambayo mpaka leo naiona ni nzuri kwa anayeanza: nibu yake inachomolewa na kurudishwa bila fundi, na nibu za ziada huuzwa mojamoja kwa bei iliyo chini sana ya kalamu nzima. Nibu hizohizo zinaingia kwenye AL-star, Vista na Studio za kampuni hiyohiyo. Kalamu ilikuja na nibu ya M, yaani ya unene wa kati.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa raha tupu. Mkono uliteleza, nikasahau kabisa habari ya kukandamiza. Shida niliiona nilipoanza kuandika kwa mwandiko wangu wa kawaida, ule wa haraka. Herufi zangu ni ndogo, na Kiswahili kimejaa irabu, hasa a. Andika "wanapatana" au "tumekwaana" kwa mwandiko mdogo kwa nibu inayotoa wino mwingi, uone kinachotokea: vitumbo vya a vinaziba, e inakuwa nukta nyeusi, m na n zinachanganyika. Siku iliyofuata nilipoyasoma maandishi ya kikao, kuna mistari ilinibidi niikisie. Nilisikitika sana, kwa sababu mkono ulikuwa umepona lakini kazi ilikuwa haisomeki, na nilikuwa karibu kuamua kwamba kalamu za wino si za watu wenye mwandiko kama wangu.

Kabla hujafika hapo, chukua rula. Pima urefu wa herufi a unapoandika bila kujilazimisha. Tuseme ni milimita 2. Mstari wa nibu ukiwa na unene wa milimita 0.7, mstari wa juu na wa chini wa a hiyo vinakula milimita 1.4, na kitumbo kinabakiwa na milimita 0.6. Wino ukitambaa kidogo tu kwenye karatasi, kitumbo kimeziba. Mstari wa milimita 0.4 unakiachia kitumbo kilekile milimita 1.2, yaani nafasi maradufu. Hesabu hiyo ndogo ingenisaidia kuliko maoni yote niliyoyasoma kuhusu kalamu ipi ni bora.

Herufi zilizochorwa kwenye nibu ni hivi: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, B nene. Halafu kuna nibu zenye tarakimu kama 1.1 au 1.5, hizo ncha yake ni bapa na tarakimu ni upana wa ncha kwa milimita. Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba F ya huyu ni F ya yule. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. F ya Pilot, kampuni ya Japani, huandika mstari mwembamba kuliko F ya LAMY, na mara nyingi inalingana na EF za Ulaya au kuzizidi kwa wembamba. Mwandiko wa Kijapani unabana mistari mingi ndani ya herufi moja, kwa hiyo nibu zao zimelelewa na hitaji hilo. Mtu akikuuliza achukue F au M, muulize kwanza F ya nani, kisha mwambie akuonyeshe mwandiko wake.

Nikanunua nibu ya F ya Safari, nikakaa mezani na kipande cha selotepu.

Nieleze hatua hii polepole kwa sababu hapa ndipo watu wanapopinda nibu. Suuza kalamu kwanza ikiwezekana, au angalau zungushia tishu shingo yake, kwa sababu wino utatoka. Kata selotepu yenye urefu wa kidole, ibandike juu ya mgongo wa nibu, isugue kwa kidole ishike vizuri mpaka mabegani, kisha vuta mbele moja kwa moja. Usiinue juu, usizungushe, usitikise kushoto na kulia. Mara ya kwanza inakataa, halafu inateleza ghafla. Chini yake unabaki ukitazama kipande cheusi ambacho wapenzi wa kalamu wanakiita fidi. Kurudisha nibu mpya, hakikisha kingo zake mbili zilizokunjwa zimekumbatia fidi pande zote, kisha isukume kwa ukucha wa kidole gumba mpaka isimame. Igeuze uitazame kwa ubavu. Kama nibu na fidi zimeachana hata kwa unene wa unywele, wino utakuwa unakatika na utalaumu nibu isiyo na kosa.

Pengo dogo namna hiyo lina uzito kwa sababu fidi inafanya kazi mbili kwa pamoja: inapeleka wino mbele na kurudisha hewa nyuma. Kila tone linaloondoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Hewa isipoingia, wino unakwama. Ikiingia ovyo, wino unamwagika. Lewis Waterman alipewa hataza yake Marekani mwaka 1884 kwa fidi yenye mifereji iliyoweza kulinganisha mambo hayo mawili, na kalamu za leo bado zinafuata njia hiyo. Wino unasafiri kwa kuvutwa na upenyo mwembamba, kwanza mfereji wa fidi, kisha mpasuo wa katikati ya nibu. Upenyo ukipanuka mahali, mvuto unakufa hapohapo.

Basi F ikakaa. Herufi zangu zikafunguka mara moja, a ikawa a. Ila ilikuwa inakwaruza. Kila nilipoandika nilisikia kama inachimba karatasi, na nikajiambia ndiyo gharama ya wembamba, nitazoea. Niliandika hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliandika kwa wino. Nilimwamkia, tukakaa, akaiona kalamu mfukoni mwangu.

"Hebu nione, mwanangu."

Nilidhani ataiandikia. Hakuiandikia. Aliiinua usawa wa jicho, ncha ikimwelekea yeye, akageukia dirisha ili mwanga upite nyuma yake. Akaniuliza: "Inakwaruza ukienda wapi?"

"Pote, mzee."

"Pote hapana. Andika nane, kubwa kubwa, bila kuinua mkono."

Nikaandika. Kweli, ilikuwa inakwaruza ninapovuta kuelekea upande mmoja tu. Kurudi ilikuwa laini.

"Sasa hilo si suala la wembamba," akasema. "Ingekuwa wembamba, ingekwaruza kote sawasawa. Jino moja limepanda juu ya mwenzake."

Ncha ya nibu imepasuliwa katikati, na ule mpasuo unafanya meno mawili. Meno yakiwa sawa, ncha inateleza. Likipanda moja, lile la chini ndilo linalokwaruza. Mzee aliweka ukucha juu ya jino lililopanda, akalikandamiza chini kidogo, akalishikilia kwa muda wa pumzi moja, akaachia, akatazama tena mwangani. Akarudia. "Kidogokidogo tu. Chuma kikishakubali kupinda, kukirudisha ni shida." Aliponirudishia kalamu ilikuwa kama nyingine. Nilisikia furaha ambayo asiyeandika kwa mkono atashangaa kuisikia.

Tangu siku ile nina lenzi ndogo ya kukuzia mara kumi, na kila nibu mpya naitazama kwanza kwa mbele kabla haijagusa karatasi. Nibu mpya kutoka kiwandani inaweza kuja na meno yasiyolingana. Si ajabu na si ulaghai, ni kitu kidogo kilichosafiri mbali. Lenzi hiyo ndiyo kifaa cha kwanza ambacho ningemwambia mtu anunue, kabla ya nibu ya pili.

Niseme pia habari ya kusugua. Kuna karatasi laini za kung'arishia nibu, na watu wanazipenda kupita kiasi. Ncha ya nibu ina kidonge kidogo cha madini magumu kilichounganishwa mwishoni, na hicho ndicho kinachoandika. Ukikisugua sana, kingo za ndani za mpasuo zinakuwa mviringo, wino unasimama juu kidogo bila kuigusa karatasi, na kalamu inakuwa laini ajabu lakini haianzi: mstari wa kwanza wa kila neno unakosekana. Kilichosuguliwa hakirudi. Linganisha meno kwanza, jaribu, na mara nyingi sana utakuta hakuna cha kusugua.

Baada ya F kutulia nikashikwa na hamu. Nikachukua nibu ya 1.1 yenye ncha bapa, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikachukua na wino mpya na daftari jipya la karatasi laini. Nikaviweka vyote pamoja siku moja. Kalamu ikaanza kuruka: maneno ya juu ya ukurasa yako sawa, ya chini yana mapengo. Nikaichomoa nibu, nikairudisha, nikaisuuza, nikabadilisha wino, nikarudisha wino wa zamani. Kila nilipodhani nimepata sababu, sababu ilihama. Jioni nilikuwa na vidole vya buluu na hasira, na nusu ya kidau cha wino ilikuwa imeishia kwenye sinki.

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wenyewe. Mapengo yalikuwa chini, mahali ambapo kiganja changu kilikuwa kimelala wakati naandika sehemu ya juu. Mafuta ya ngozi yalikuwa yamepakaa ile karatasi laini, na wino wa maji haushiki kwenye mafuta. Nikaweka karatasi nyingine chini ya kiganja, kalamu ikaandika mpaka mstari wa mwisho bila kuruka. Nibu haikuwa na tatizo lolote, wala wino.

Kwa hiyo ushauri wangu mzito kuliko wote kwa anayejaribu nibu ni huu: badilisha kitu kimoja, vingine vibaki kama vilivyokuwa. Mimi nina wino mmoja wa kupimia na daftari moja la kupimia. Wino wangu wa kupimia ni Quink ya buluu ya Parker, wino uliopo tangu 1931 na ambao hauna makuu. Nibu mpya inaingia, wino na karatasi ni vilevile, naandika ukurasa mzima. Ikinikubali ndipo najaribu wino mwingine. Tofauti ya wino si ndogo. Pelikan 4001 hushuka kwa ukavu kidogo na kuufanya mstari uonekane mwembamba. Iroshizuku za Pilot hushuka kwa wingi na mstari uleule unanenepa. Nibu inayoonekana nene mno pengine inahitaji wino mkavu zaidi, na nibu inayokatika pengine inahitaji wino unaoteleza. Wino ni rahisi kuubadilisha kuliko nibu, na ukikukataa unaumwaga tu.

Karatasi nayo hivyohivyo. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia inanyonya: wino unatambaa kwenye nyuzi, mstari unaota vinyweleo, na ukurasa wa nyuma unachafuka. Karatasi kama za Clairefontaine zenye gramu 90 kwa mita ya mraba zinauzuia wino ukae juu, na F inaonekana F. Tomoe River ya gramu 52 ni nyembamba mno, unaona kivuli cha upande wa pili, lakini wino haupenyi. Ila inachelewa kukauka, na mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto ataburuta kiganja juu ya wino mbichi. Mtu anayeandikia karatasi ya kuchapishia kila siku achukue nibu nyembamba kwa hatua moja kuliko anavyofikiri.

Turudi kwenye 1.1. Nibu bapa inatoa mstari mnene ukivuta chini na mwembamba ukivuta pembeni, na mwandiko wa kawaida unapata sura. Lakini inadai kitu ambacho nibu za mviringo hazidai: ncha yote ilale kwenye karatasi. Nilikuwa na tabia ya kuizungusha kalamu kidogo kidogo vidoleni bila kujua, na kila nilipoizungusha, pembe moja ya ncha iliachana na karatasi na mstari ukakatika. Shingo ya Safari ilinisaidia kujirekebisha. Hata hivyo kwa mwandiko wangu mdogo 1.1 haifai kazi ya kila siku. A zinarudi kuziba. Naipenda kwa vichwa vya habari, anwani za bahasha na sahihi.

Namna ya kujaribu. Watu huchovya nibu kidauni, wanaandika jina lao, wanasema ni nzuri. Kuchovya kunadanganya. Nibu iliyochovywa na fidi yake vimelowa mpaka nje, hivyo mistari ya mwanzo inakuwa minene na laini kuliko itakavyokuwa kalamu ikijazwa kweli. Ukichovya, angalia tu kama inakwaruza. Kujua unene na mtiririko, jaza kalamu na andika mpaka ule wino wa ziada uishe. Mimi naandika aya nzima ya maneno ya kawaida, kwa kasi yangu ya kazini, kisha nane zilizoungana, kisha mistari ya kwenda na kurudi pande zote. Halafu naiacha wazi bila kifuniko kwa dakika moja, naanza tena. Ikikataa kuanza, naandika hivyo kwenye daftari pamoja na jina la wino. Na usiandike jina lako kama jaribio. Sahihi umeizoea mno, mkono unaipitisha hata kwenye nibu mbovu.

Ukishaonja kubadilisha nibu za kalamu moja utataka za nyingine, na hapo njia zinatofautiana. Pilot Metropolitan, Kakuno na Prera zinashikilia nibu na fidi kwa kubanwa tu. Unazivuta zote mbili pamoja ukiwa umezishika kwa kipande cha mpira, na zinabadilishana nibu zenyewe kwa zenyewe. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kupata nibu nyembamba kwenye kalamu ya bei ya chini. Kakuno ilibuniwa kwa kuwafikiria watoto, na nibu yake imechorwa uso unaotabasamu ili ajifunzaye ajue upande wa juu. Angalia fidi inarudi kwenye mkao wake uleule, kwa sababu haiingii popote upendapo. Kalamu nyingi za Pelikan zinazovuta wino kwa pistoni iliyo ndani yake zina nibu ya kufungua kama skrubu: unashika nibu na fidi pamoja, taratibu, unazungusha kinyume cha saa, na nibu ya kalamu yao ya M200 inaingia kwenye M400. Esterbrook za zamani za Marekani, zile za miaka ya 1940, zilikuwa na mfumo mzuri kuliko wote: nibu za kufunga kwa skrubu zenye namba, ukitaka kuandika nyembamba unafunga namba nyingine. Ukizikuta, tazama tarakimu ya kwanza. Zinazoanza na 9 zina kile kidonge kigumu nchani. Za 1 na 2 ncha yake ni chuma kilekile kilichokunjwa, na zilizotumika sana zimelika.

Halafu kuna kalamu nyingi zinazotumia nibu za viwanda viwili vya Ujerumani, JoWo na Bock, kwa ukubwa wa namba 5 au 6. Hapa pesa yangu ilipotea. Nilinunua nibu namba 6 ikiwa kamili na fidi na kifungio chake, nikiamini namba ndiyo kila kitu. Nyuzi za skrubu za JoWo na za Bock hazifanani. Haikuingia, na kuilazimisha kungevunja shingo ya kalamu. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: ukubwa wa namba gani, na kifungio cha kiwanda kipi. Ukinunua nibu tupu bila kifungio una nafuu kidogo, lakini mkunjo wake lazima ulale sawa na fidi yako.

Kuna kalamu ambazo usiziguse. LAMY 2000 na Parker 51, ambazo nibu yake imefichwa ndani ya shingo, zinafunguliwa kwa ujuzi, na kwa Parker hata joto linahitajika. Mpelekee fundi wa kalamu.

Nibu ya dhahabu nayo niliitamani. Zimeandikwa 14 au 18 karati, au 585 na 750, na nibu moja inaweza kuzidi bei ya kalamu kadhaa za chuma. Niliazimwa kalamu yenye nibu ya karati 14 nikaandika nayo kwa kutulia. Ilikuwa nzuri. Lakini kinachogusa karatasi si dhahabu, ni kile kidonge kigumu nchani, na chuma cha pua nacho kinacho. Dhahabu haipati kutu, na baadhi ya nibu zake hunesa kidogo. Nyingine ni ngumu kama chuma. Nilipoilinganisha na F yangu iliyolinganishwa meno na yule mzee, kwenye karatasi ileile, tofauti haikuniambia niuze chochote ili niipate.

Usafi utakuokolea nibu nyingi. Nibu uliyoitumia na wino mmoja, isuuze kabla ya mwingine, kwa maji ya kawaida mpaka yatoke meupe. Bomba la sindano lisilo na sindano linasukuma maji kwenye shingo haraka kuliko kuzungusha konveta, yaani kile kitangi kidogo cha kuvutia wino ndani ya kalamu. Maji ya moto yanaharibu plastiki, na spiriti vilevile, usivitumie. Wino wenye chuma ndani yake, ule unaozidi kuwa mweusi ukikauka, usiuache ukaukie kwenye nibu ya chuma maana unaila. Na wino wa kuchorea wenye gundi ya shelaki usiingie kabisa kwenye kalamu ya wino, hata kwa jaribio la siku moja. Ukikauka ndani ya fidi, maji hayautoi.

Nibu za akiba naziweka kila moja kwenye kifuko chake kidogo, imekaushwa, na kikaratasi kinachosema ni ya kalamu gani na inafaa wino gani. Zikichanganyika kwenye kopo moja zinagongana, na ncha ikipinda unarudi kwenye lenzi na ukucha.

Kwa sasa F ndiyo nibu yangu ya kazi, 1.1 iko kwenye kalamu ya pili kwa ajili ya vichwa na bahasha. M ile iliyonikatisha tamaa ilikaa kwenye kifuko mpaka mwenzangu mmoja wa kazini, mwenye mwandiko mkubwa na wa kulala, alipolalamika kwamba EF yake inamchana karatasi na maandishi yake yanaonekana kama hayana nguvu. Naye anatumia Safari. Tulizitazama nibu zote mbili kwa lenzi, meno yalikuwa sawa, tukazisuuza na kuzikausha, tukapeana. Yeye ameshaimaliza katriji ya kwanza, kile kichupa cha wino cha kupachika ndani ya kalamu, kwa M na hataki kuirudisha. Mimi EF bado naipima kwa Quink ileile, na mpaka sasa inaniridhisha kwenye karatasi ya kuchapishia kuliko kwenye daftari.